Makasia ya Nchi Kavu

Natumaini yale maazimio ya mazoezi hayajaishia chini ya kitanda pamoja na raba mpya. Mwezi huu nataka tuizungumzie mashine moja ambayo ukiingia jimu yoyote ya maana utaikuta imekaa pembeni peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Watu wamepanga foleni kwenye mashine ya kukimbilia, vijana wa kifua wanapokezana vyuma mbele ya kioo, na hii masikini kazi yake ni kutundikiwa taulo. Ni mashine ya kupiga makasia.

Mimi ni mtu wa Pangani. Makasia nayajua tangu utotoni, tukivuka mto kwenda Bweni. Kwa hiyo siku ya kwanza kuiona hiyo mashine Dodoma nilicheka peke yangu. Makasia Ugogoni? Mkoa unaopata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo makorongo yanabaki mchanga mtupu? Najua, mtaniambia kuna wavuvi Mtera na Hombolo. Sawa, lakini mwenye kafi na mwenye makasia si mtu mmoja. Mwenye kafi anatazama mbele anakokwenda, anachota maji kwa mabega na mikono. Mwenye makasia anakaa akiupa mgongo mwendo, na katika mashua za mashindano kiti chake kinateleza mbele na nyuma, ili nguvu itoke miguuni. Hilo la miguu naomba mlishike, maana ndipo ilipo siri yote ya mashine hii.

Wala kupiga makasia nchi kavu si mzaha ulioanza juzi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 4 kabla ya Kristo jemadari mmoja wa Athens, Chabrias, aliwajengea mabaharia wake wageni viti vya mbao ufukweni, wajifunze kuvuta kwa pamoja kabla hawajapanda merikebu. Mashine ya sasa imetokana na kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa wakitengeneza makasia ya mashindano huko Vermont. Mwaka 1981 wakatoa mashine yao ya kwanza, gurudumu lake likiwa la baiskeli. Kwao maji huganda wakati wa baridi, kwetu hukauka wakati wa kiangazi, mwisho wa yote tumekutana kwenye kiti kimoja. Na tangu 2018 kuna mashindano ya dunia ya mchezo huu wa ndani, watu wanavuta mita 2,000 bila kulowa kitu kingine zaidi ya jasho.

Kilichonifanya niache kucheka ni karatasi ya hospitali. Mume wangu ni mtu wa Mvumi, kilometa kama 40 kutoka Dodoma mjini, upande wa kusini mashariki, wilaya ya Chamwino. Wizara yake ilipohamia Dodoma mwaka 2017 tukasema, afadhali, amerudi karibu na kwao. Asubuhi gari hadi Mtumba, kiti hadi saa sita, chakula cha mchana, kiti hadi jioni, gari hadi nyumbani, kochi hadi usiku. Kitambi kilikuja kimya kimya, tukakipokea kama dalili ya mafanikio. Halafu siku moja zikaja pimapima za kazini: 150 kwa 96. Ana miaka 38. Baba yake, Mungu amrehemu, alianguka na kiharusi akiwa na miaka 54, na mimi mkwewe sikuwahi kumwona.

Hakuniambia. Alikunja ile karatasi akaificha kwenye droo ya soksi, na soksi zake anayepanga ni mimi.

Hapa kina dada naomba tuelewane. Ningeweza kuitoa ile karatasi mezani, nikaanza: nilikwambia mimi, hizo nyama choma zako. Ungekuwa ugomvi wa wiki mbili na mazoezi yasingekuwepo. Nilichofanya, nilimwambia nataka kuanza jimu ila peke yangu naona aibu, anisindikize. Mwanaume ukimwambia ana tatizo anakimbia. Ukimwambia una tatizo anavaa viatu. Siku ya tatu kwenye gari, akiwa anaendesha na macho barabarani, akaniambia mwenyewe habari ya presha. Tukarudi kwa daktari wote wawili, akapimwa tena kwa siku tofauti kama inavyotakiwa, akaandikiwa kidonge kimoja kwa siku, akaambiwa apunguze chumvi na aache kukaa.

Sasa kuacha kukaa kwa vipi? Kukimbia tulijaribu. Goti lake la kulia lina jeraha la mpira tangu shule, na wiki ya pili likavimba kama embe. Ndipo mwalimu wa jimu akatuonyesha kile kiti cha pembeni. Kwenye mashine hii uzito wako umebebwa, miguu haipigi chini, kwa hiyo magoti na vifundo vya miguu havipati ule mtikisiko wa kukimbia. Wakati huohuo mapaja, makalio, mgongo, mabega na mikono vyote vinafanya kazi kwa mvuto mmoja, na moyo unalazimika kupeleka damu kote huko. Ndiyo maana baada ya dakika 5 unahema kama umepanda ngazi za ghorofa sita. Ukitaka zoezi moja la moyo na la misuli kwa pamoja, kwa mtu mwenye saa moja tu kati ya kazi na watoto, mimi sijaona la kulishinda.

Mume wangu, kama wanaume wote, alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiwenzo cha pembeni ya pangaboi, akakipandisha hadi namba 10. Akavuta kwa hasira, mikono na kiuno, dakika 5 akamaliza, akasimama akijiona Samsoni. Kesho yake hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu.

Jumamosi hiyo tulikuwa na safari ya Mvumi kumwona mama mkwe. Mbukwenyi za mlangoni zilipoisha, mama akamtazama mwanawe anavyokaa kwa kujipinda. "Baba, mgongo umefanyaje?" Ikabidi aeleze. Akavuta kigoda, akakaa uani, akanyoosha miguu, akaonyesha jinsi anavyovuta. Mama akacheka hadi akashika mbavu. "Kumbe mnalipia hela kuteka maji!"

Mjue mama huyu katika ujana wake alichimba visima vya mchanga kwenye korongo, akavuta kamba kwenye visima virefu, akasaga uwele kwa jiwe akiwa amepiga magoti, mwili mzima ukienda mbele na kurudi. Akamtazama tena, safari hii bila kucheka. "Sasa mbona unavuta kwa kiuno? Ndoo haivutwi kwa kiuno, utavunjika. Kaza miguu kwanza. Mgongo unafuata miguu. Mikono inakuja mwisho." Mimi na mume wangu tukatazamana. Ni yaleyale aliyotuambia mwalimu wa jimu siku ya kwanza, ila yeye tulimlipa.

Lakini tusidanganyane kwamba maisha ya mama mkwe yalikuwa jimu ya bure. Nimesikia watu wa mjini wakisema wanawake wa vijijini hawahitaji mazoezi kwa kuwa wanachota maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushee kichwani, mara kadhaa kwa siku, ukiwa mjamzito, ukiwa na homa, bila siku ya kupumzika. Mama leo ana miaka 67 na magoti yanamuuma kila baridi ya Juni. Mazoezi ni kazi unayoipima mwenyewe, unaacha unapochoka na kesho unapumzika. Yeye hakuwahi kupewa nafasi hiyo.

Haya, turudi kwenye kiti. Kaa, funga mikanda ya miguu juu ya kanyagio, shika mpini bila kuukaba. Sogea mbele hadi mifupa ya ugoko isimame wima, mikono imenyooka, mgongo umenyooka, kifua kimeegemea mbele kidogo kutoka nyongani. Sasa sukuma kwa miguu kama unasukuma gari lililozimika. Usivute bado! Miguu ikikaribia kunyooka ndipo mwili unaegemea nyuma kidogo tu, halafu mikono inaleta mpini chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono kwanza, kifua, magoti mwisho. Makocha wengi husema kama asilimia 60 ya nguvu inatoka miguuni, na iliyobaki ni ya kiwiliwili na mikono. Ukiona mikono imechoka kabla ya mapaja, ujue unavuta kinyumenyume.

Kwenda ni hesabu ya moja, kurudi ni hesabu ya mbili. Watu hukosea hapa wakidhani mbio za kiti ndiyo mazoezi, wanakwenda na kurudi kama cherehani. Anayeanza mivuto 20 hadi 24 kwa dakika inamtosha. Na kile kiwenzo kiwekwe kati ya 3 na 5. Si kipimo cha uanaume, ni kama gia ya baiskeli, kazi yake ni kuruhusu hewa nyingi au kidogo iingie kwenye pangaboi. Uzito wenyewe unatokana na wewe: ukisukuma kwa nguvu pangaboi linakubishia kwa nguvu, ukisukuma polepole linakubishia polepole.

Na hilo ndilo lililonifanya niipende kwa ajili ya wawili. Kwenye vyuma, akitoka yeye lazima nipunguze nusu nzima, na yeye anasubiri akitazama saa. Kukimbia pamoja, mmoja anajizuia na mwingine anakufa. Kwenye mashine ya makasia anashuka yeye, ninapanda mimi, hatubadilishi kitu zaidi ya mikanda ya miguu, na kila mmoja anapata zoezi la nguvu zake mwenyewe. Tunachofanya ni hivi: mmoja anavuta mita 500, kwa anayeanza ni kama dakika 2 na nusu au 3, mwingine anapumzika au anachuchumaa na kusimama mara 15. Halafu tunapokezana. Mara nne kila mmoja na mtu kashavuta mita zake 2,000. Kioo kidogo cha mashine kinaonyesha muda wa kila mita 500, na tumekubaliana kila mtu ashindane na namba yake ya wiki iliyopita. Mwenye mwili mkubwa atavuta mita nyingi kuliko mwembamba kwa mashine hii, ndivyo ilivyo, kwa hiyo wanandoa msije mkaumizana bure kwa kulinganisha.

Kama ndiyo kwanza unaanza, usizikimbilie hizo 2,000. Wiki mbili za mwanzo vuta dakika 2, pumzika 1, jumla dakika 10 za kuvuta, mara tatu kwa wiki. Ongeza kidogo kidogo hadi dakika 20 au 30. Kipimo changu ni mdomo: uweze kusema sentensi fupi, lakini usiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili za kujenga misuli. Mashine hii inakusaidia pande zote mbili, ingawa vyuma kidogo bado vinahitajika.

Kwa wenye presha niseme wazi. Mazoezi ya kuhemesha yakifanywa kwa mpangilio yanaweza kushusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8 kwa mtu aliyekwisha kuwa na presha, na kwa mtu wa 150 hiyo si haba. Lakini muulize daktari kwanza, na usibane pumzi unapovuta, maana kubana pumzi kunaipandisha presha ghafla. Toa pumzi unaposukuma, ingiza unaporudi. Anayesoma 180 kwa 110, au anayebanwa kifua, huyo habari ya mashine aiache, aende hospitali. Na hakuna kuacha dawa eti kwa sababu suruali imelegea.

Kuhusu kitambi, najua ndicho mnachokisubiri. Mtu wa kilo 70 akivuta mwendo wa wastani kwa nusu saa anachoma kama kalori 250. Soda moja ya nusu lita ina kama 200. Kwa hiyo shosti, ukitoka jimu ukapitia soda na chipsi mayai, umefanya kazi ya kubadilishana noti. Wala hakuna zoezi linalochagua kupunguza tumbo peke yake, mwili ndio unaoamua uanzie wapi, na kwangu mimi ulianza mahali ambapo sikuomba. Jambo jingine, kwa kuwa miguu haipigi chini, mifupa nayo haipati ule msukumo inaoupata ukitembea, ukiruka kamba au ukinyanyua uzito. Kina mama hasa, msiache kutembea. Na wanaoogopa kuwa na mabega ya kiume, hebu acheni. Mabega hayo yanatafutwa miaka kwa vyuma vizito na sahani za mayai, hayaji kwa bahati mbaya jioni tatu kwa wiki.

Nani wa kwetu aliyefika mbali kwa makasia? Wapo. Asiya Mohamed wa Mombasa alipoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, na katika michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, aliiwakilisha Kenya katika kupiga makasia. Daraja lake ni la wanaovuta kwa mikono na mabega peke yake, kiti hakitelezi. Kwa hiyo haya ninayoyasema kwamba miguu ndiyo yote ni kwa sisi tuliojaliwa kuwa nayo, yeye amepita bila hiyo. Uganda nako Kathleen Noble, aliyeanza kama mwogeleaji, akawa wa kwanza kupiga makasia Olimpiki kwa nchi hiyo, Tokyo na tena Paris 2024. Mimi namtaja kila ninapoambiwa huu ni mchezo wa watu wa nje.

Mwaliokuwa mkifikiria kuinunua, pimeni sebule kwanza. Aina nyingi zina urefu wa mita 2 na nusu hivi, na pangaboi lina kelele, mtoto akilala mtajuta. Sisi tunalipia jimu. Huu ni mwezi wa saba, kipimo cha mwisho cha mume wangu ni 132 kwa 84, kidonge bado anameza. Ni kidonge, ni chumvi au ni makasia? Daktari anasema vyote, tusianze kuchambua. Karatasi safari hii aliileta mwenyewe.

Na kama hata jimu hakuna ulipo, kata tyubu kuukuu ya baiskeli, izungushe kwenye nguzo imara, kaa chini miguu imenyooka, vuta mikono hadi kifuani mara 15. Simama, chuchumaa na kuinuka mara 15. Rudia mara tano bila kupumzika sana. Haitakuwa na ule mtelezo wa kiti, lakini mgongo na mapaja vitakujibu. Mume wangu tukiwa Mvumi hufanya hivyo asubuhi kwenye nguzo ya banda la mbuzi. Akimaliza anachukua madumu mawili anakwenda kwenye pampu ya mkono, na foleni ya wanawake pale bado inamcheka, ila siku hizi wanamwachia nafasi. Mama amekaa kibarazani anachambua mlenda, anamhesabia madumu kwa sauti.